Chai ya maziwa, maharage na tumbo linalonguruma: ni mzio, au ni jambo jingine?

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 33 na ninanyonyesha mtoto wa miezi minane. Miezi mitano iliyopita niliharisha vibaya kwa karibu wiki nzima, na tangu hapo tumbo langu halijatulia. Saa moja hivi baada ya chai ya maziwa ya saa nne, tumbo linajaa gesi na kunguruma mpaka wanafunzi wa dawati la mbele wanasikia, kisha nakimbilia chooni. Maharage nayo yananisumbua, chapati nazo. Nimekunywa dawa za amiba mara tatu na za taifodi mara moja. Mwishowe nililipia kipimo cha damu cha vyakula, nikapewa karatasi yenye vyakula 27 vya kuacha, yakiwemo mayai, nyanya, ndizi, kuku na maziwa. Nimeacha vyote kwa miezi miwili. Gesi imepungua, lakini na mimi nimepungua kilo 6, na mama mkwe anasema nadeka. Kwetu tumekunywa maziwa tangu utotoni. Iweje yanikatae ukubwani? Na je, nimwachishe mtoto kunyonya ili tatizo hili lisimfikie kupitia maziwa yangu?"*

Marahaba, mwalimu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu halifai kusubiri: usimwachishe mtoto. Maziwa ya mama yeyote yana gramu 7 hivi za sukari iitwayo laktosi katika kila mililita 100, kiasi kinachozidi kile cha maziwa ya ng'ombe, na hakipungui kwa sababu mama amekunywa chai ya rangi badala ya chai ya maziwa. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kuimeng'enya sukari hiyo, kwa kuwa ndiyo inayompa sehemu kubwa ya nguvu zake. Wapo watoto wanaozaliwa bila uwezo huo, lakini ni nadra mno duniani, na tatizo lao hujitokeza katika siku za mwanzo kabisa za maisha kwa kuharisha maji mfululizo na kushindwa kuongezeka uzito. Wa kwako amefika miezi minane akinyonya. Kama kuna kitu cha kurithi kutoka kwako, alikwisha kukirithi siku alipotungwa mimba, na kumnyima ziwa hakutabadilisha lolote ila kumwondolea chakula chake bora.

Sasa turudi kwako. Kwanza kabisa, hudeki. Maelezo yako yanafuata mpangilio ambao sisi tunaoshughulika na mfumo wa chakula tunaufahamu vizuri, nao una sababu za kimwili zinazoelezeka. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile kilo 6 ulizopoteza wakati ambapo mwili wako unatumia nguvu za ziada, takriban kilokalori 500 kwa siku, kutengeneza maziwa ya mtoto, na nitalirudia jambo hilo kabla ya kumaliza.

Watu wengi hutumia neno mzio, au aleji, kwa kila chakula kinachowasumbua, ingawa mzio na kutovumilia chakula ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kunaweza kumfanya mtu aogope kisichostahili kuogopwa, au akidharau kinachoweza kumuua. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili. Kinga huidhania protini ya karanga, yai au samaki kuwa adui na kuipiga vita, na ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi saa mbili, midomo huvimba, ngozi hutoka vipele vinavyowasha, kifua hubana, na wakati mwingine shinikizo la damu hushuka ghafla. Kwa mwenye mzio mkali hata chembe ndogo inatosha, kwa hiyo yeye hana budi kukikwepa chakula hicho kabisa. Kutovumilia chakula hakuhusu kinga. Ni shida ya mmeng'enyo, hutegemea kiasi ulichokula, hutesa na kuaibisha, lakini hakufungi koo wala hakuuharibu utumbo. Hakuna dalili hata moja katika maelezo yako inayonielekeza kwenye mzio.

Kuhusu ile karatasi ya vyakula 27, nitasema wazi: iweke kando. Vipimo vya namna hiyo kwa kawaida hutafuta kingamwili za aina ya IgG, ambazo mwili wa mtu yeyote mwenye afya hutengeneza baada ya kukutana na chakula mara kwa mara. Ndiyo maana orodha hizo hujaa mayai, nyanya, ndizi na kuku: ni vitu vilivyomo jikoni mwako kila wiki. Mwaka 2008 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa mzio, EAACI, ilitoa taarifa ikisema kuwa kingamwili hizo huonyesha kwamba mtu amekula chakula fulani, na kwamba hazifai kutumika kutambua kinachomdhuru. Huenda utaniuliza, mbona basi gesi ilipungua? Ilipungua kwa sababu miongoni mwa vile 27 vilikuwemo vitatu au vinne ambavyo kweli vinakusumbua. Ukifunga milango yote ya nyumba, mwizi aliyekuwa akipitia mlango mmoja atazuiwa, lakini wenye nyumba nao hawatatoka kwenda kutafuta riziki.

Tuanze na maziwa, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kwako. Laktosi imeundwa na sukari mbili ndogo zilizounganishwa, na utumbo hauwezi kuifyonza mpaka muungano huo ukatwe. Kazi ya kuukata ni ya kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachokaa juu kabisa ya vile vijidole vidogo mno vilivyotanda kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba. Kikipungua, laktosi husafiri nzima kuelekea utumbo mpana, ikivuta maji njiani, na ndiyo sababu ya choo kuwa chepesi. Huko inakutana na bakteria ambao huichachusha, na katika kuichachusha hutoa haidrojeni, kabonidayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Gesi hizo ndizo zinazotanua tumbo, na maji yanayosukumwa pamoja na gesi ndiyo yanayotoa ule mngurumo unaokuaibisha mbele ya wanafunzi. Safari yote hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa mbili hivi, na wewe mwenyewe umeandika kuwa ni saa moja baada ya chai.

Iweje yakukatae ukubwani? Ukweli ni kwamba mwili unaoyakataa maziwa ukubwani ndio ulio wa kawaida kwa binadamu. Kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani, uwezo wa kumeng'enya laktosi hushuka polepole baada ya utoto, kama ilivyo kwa wanyama wengine wanyonyeshao. Wanaoendelea nao ni wale waliorithi badiliko dogo katika vinasaba, na badiliko hilo lilijitokeza zaidi ya mara moja, sehemu mbalimbali za dunia, miongoni mwa watu waliofuga. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff, ikiwa na watafiti wa Tanzania ndani yake, ilichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, na ikaonyesha kwamba wafugaji wetu wana mabadiliko yao wenyewe, tofauti na lile la Wazungu wa kaskazini. Lililoenea zaidi lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya 2,700 na 6,800. Huo ni muda mfupi katika historia ya mwanadamu, kwa hiyo hata ndani ya ukoo wa wafugaji atakuwepo aliyelirithi na ndugu yake wa tumbo moja ambaye hakulirithi. Zaidi ya hayo, jamii nyingi zilizozoea maziwa huyanywa yakiwa yamegandishwa, na maziwa yaliyoganda, kama nitakavyoeleza, ni chakula tofauti kwa tumbo.

Kwako kuna uwezekano wa pili ambao siwezi kuupuuza. Kwa kuwa laktesi hukaa kwenye ncha za vile vijidole, kuharisha vibaya kunakoparua ukuta wa utumbo hukiondoa kimeng'enya hicho mapema, nacho huwa cha mwisho kurejea. Kwa kawaida hurejea ndani ya wiki au miezi michache. Huenda basi ulikuwa na laktesi ya kukutosha kwa shida, ugonjwa ukaipunguza, na kilichokuwa kimefichika kikajitokeza. Wapo pia watu ambao baada ya maambukizi ya tumbo hubaki na utumbo mwepesi kuumia, unaohisi kwa uchungu hata gesi ya kawaida, na hali hiyo inaweza kudumu miezi mingi ingawa mdudu aliyeianzisha ameshaondoka.

Hapo ndipo dawa za amiba huingia, na nisingependa umeze dozi ya nne bila ushahidi. Amiba anayesababisha ugonjwa ana ndugu yake asiye na madhara, na chini ya darubini kwa kawaida hawatofautishwi; mtu anaweza kutibiwa mara kwa mara kwa sababu ya mgeni asiye na hatia. Kipimo cha Widal kinachotumiwa sana kutafuta taifodi nacho hutoa majibu ya kudanganya mara nyingi, na taifodi yenyewe ni ugonjwa wa homa, si wa gesi baada ya chai ya saa nne. Giadia, kwa upande mwingine, ni mdudu halisi anayeweza kuleta hali inayofanana sana na yako. Dawa ulizokunywa kwa ajili ya amiba mara nyingi humtibu na yeye, lakini si kila mara, kwa hiyo choo kichunguzwe upya, ikiwezekana kwa sampuli za siku tatu tofauti.

Maharage yana hadithi nyingine. Yana sukari ambazo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuzikata, awe mzima au mgonjwa, kwa hiyo gesi baada ya maharage si ugonjwa. Tofauti kati ya mtu na mtu ni wingi wake na jinsi utumbo unavyoihisi. Sukari hizo huyeyuka katika maji. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, yachemshe kwa maji mapya, na yakishachemka kwa dakika kadhaa mwaga tena na uweke mengine. Najua wengi wetu tumefundishwa kuwa supu ile ya kwanza ndiyo yenye nguvu, na ni kweli kwamba baadhi ya vitamini na madini hupotea, lakini ni afadhali kula maharage yaliyopoteza kidogo kuliko kuacha kuyala. Anza na vijiko vitatu au vinne vya kulia wali, kisha ongeza.

Ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu vina kundi jingine la sukari zisizomeng'enywa, ziitwazo fruktani, na nadhani ndizo zinazokusumbua kwenye chapati, hasa chapati ikiliwa na mchuzi wa vitunguu vingi. Fruktani huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika mafuta. Ukikikaanga kitunguu katika mafuta, ukakitoa chote kabla ya kuweka nyanya au maji, harufu na ladha hubaki ilhali sehemu kubwa ya fruktani imeondoka nacho. Wali, ugali wa mahindi na viazi mviringo havina shida hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walizikusanya sukari zote hizi chini ya jina moja, FODMAP, na wakatunga mpango wa kuziacha kwa wiki kadhaa kisha kuzirudisha moja moja. Ni mpango mzuri kwa anayehitaji, lakini kwako, unayenyonyesha na uliyepungua, siushauri sasa.

Kuna kitu ambacho watu hukikosa wanapomtafuta mkosaji mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo tumbo linavyohesabu. Kikombe cha chai saa nne pamoja na maandazi mawili, maharage saa saba, kisha mchuzi wa vitunguu jioni: kila kimoja peke yake huenda ungekivumilia, lakini vikifuatana siku hiyohiyo kile cha mwisho hubebeshwa lawama ya vyote.

Ningekuwa nimekaa nawe ana kwa ana, ningeanza kwa kukurudishia chakula kabla ya kukuondolea kingine. Mayai, kuku, nyanya na ndizi mbivu virudi mezani wiki hii, na samaki na nyama pia kama viliingia kwenye orodha. Uzito unahitaji kupanda, na mtoto anakutegemea. Wakati huohuo nunua daftari dogo uandike unachokula, saa uliyokula, na tumbo lilivyofanya. Andika pia usingizi, siku za hedhi kama zimerejea, na siku zenye mikikimikiki ya mitihani, kwa sababu utumbo na akili huzungumza kila saa, na msongo hufanya utumbo uhisi zaidi kilekile ulichokuwa ukikivumilia. Kusema hivyo si kusema kwamba tatizo liko kichwani mwako.

Maziwa yapimwe yenyewe. Kwa kuwa umeshayaacha, endelea kuyaacha kwa wiki mbili nyingine huku vile vyakula vingine vikirejea, na uangalie pia maziwa ya unga, aiskrimu na biskuti zilizotengenezwa kwa maziwa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu lakini hakuondoi laktosi, na maziwa ya mbuzi, ambayo watu huyasifu kuwa salama, yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe. Baada ya wiki mbili, kunywa robo kikombe asubuhi pamoja na chakula. Kesho yake nusu. Keshokutwa kikombe kizima. Ukipata dalili, simama, tulia siku mbili au tatu, kisha rudia mara moja zaidi ili uhakikishe haikuwa bahati mbaya. Kipo pia kipimo cha pumzi: unakunywa laktosi iliyopimwa, kisha hewa unayotoa hupimwa kila baada ya muda kwa saa mbili au tatu, na haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi juu ya ilipoanzia, jibu ni kwamba laktosi haimeng'enywi. Hutakikuta katika kila hospitali, na majaribio ya nyumbani yaliyofanywa kwa uangalifu hukaribia kukupa jibu hilohilo.

Hata ukigundua kuwa huvumilii laktosi, si lazima uage maziwa. Watu wazima wengi wenye hali hii huvumilia gramu 12 za laktosi kwa mara moja, hasa pamoja na chakula, nazo ni sawa na kikombe kimoja cha mililita 250 za maziwa matupu. Chai iliyochanganywa maziwa nusu kwa nusu ina nusu ya kiasi hicho. Huenda basi kikombe kimoja cha chai kitakufaa, na viwili vikakushinda. Mtindi, au maziwa lala kama yanavyoitwa Kenya, una nafuu zaidi, kwa sababu bakteria walioyagandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wakiwa hai huendelea kukusaidia kuikata ukishaunywa. Hakikisha tu umetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Samli haina laktosi ya kuhesabika, na jibini gumu vilevile. Vidonge vya laktesi hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa, vinafanya kazi, lakini bei yake haistahili kuwa mzigo wa kila siku ilhali mtindi upo.

Kama utapunguza maziwa, fidia kalsiamu, kwa kuwa mama anayenyonyesha anahitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku na kikombe cha maziwa kilikuwa kikikupa karibu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ndio chakula ninachokipendekeza kwanza, kisha sukuma wiki na ufuta. Mchicha una kalsiamu nyingi pia, lakini mwili hauifyonzi vizuri kwa sababu ya asidi iliyomo ndani yake.

Usiiache ngano moja kwa moja kabla ya kupimwa ugonjwa wa siliaki, ambao ni shambulio la kinga dhidi ya utumbo linalochochewa na protini ya ngano. Si ugonjwa unaoonekana mara nyingi kwetu, lakini kipimo chake cha damu husomeka vizuri tu kwa mtu ambaye bado anakula ngano, kwa hiyo rudisha chapati kidogo kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya kipimo, kadiri daktari atakavyokuelekeza.

Na mama mkwe? Mweleze kwa heshima kwamba tumbo lako limekosa kimeng'enya kimoja, kama macho ya mtu mwingine yanavyohitaji miwani, na kwamba unaendelea kula chakula cha nyumbani kwake. Mara nyingi wazee huumizwa na sahani iliyokataliwa kuliko wanavyoukataa ugonjwa wenyewe. Ukimwomba akupikie maharage yaliyolowekwa, utakuwa umemrudisha upande wako.

Nilisema nitazirudia zile kilo 6. Huenda zimetokana na kunyonyesha huku umeacha vyakula 27, na nadhani ndivyo ilivyo, lakini kudhani hakutoshi. Nenda hospitali wiki hii, usisubiri wiki mbili za jaribio la maziwa ziishe. Pamoja na choo na siliaki, wapime wingi wa damu, tezi ya shingo na VVU, na kama una kikohozi, homa za jioni au jasho la usiku, wachunguze kifua kikuu, ambacho kinaweza kukaa hata tumboni. Ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukiamshwa usiku na kuharisha, ukitapika bila kukoma, au ukizidi kupungua ingawa umerudi kula, usingoje miadi; nenda siku hiyohiyo. Nenda na daftari, maboksi ya dawa zote ulizokunywa na ile karatasi ya vyakula, na mambo mawili ya kwanza kumwambia daktari yawe kwamba unanyonyesha na umepungua kilo 6 ndani ya miezi miwili.